Sauti ya Manju kwenye Diski ya Kakola

Kwetu ni Ibadakuli, jirani na uwanja wa ndege. Utoto wangu wote nilitazama watu wengine wakiondoka, na nadhani hapo ndipo miguu yangu ilipopata ugonjwa wake. Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali. Nimeishi Kahama wakati malori ya mgodi wa Buzwagi yakinguruma mchana kutwa, nimeishi Nyarugusu, nimeishi Geita mjini zaidi ya mara moja, na kila nilipohama nilianza kupakumbuka kabla basi halijafika stendi inayofuata. Sasa nimevuka miaka arobaini na ninavikumbuka hata vyumba vilivyokuwa vinavuja. Kakola ndipo mahali pekee ninapopakumbuka bila kutamani kurudi.

Kakola nilifanya kazi kwenye studio ya mabati, kando ya barabara iendayo mgodi wa Bulyanhulu. Tulipiga picha za vitambulisho, tulitoa fotokopi, lakini kazi iliyotulisha ilikuwa kurusha nyimbo. Mchimbaji analeta simu yake, dereva wa bodaboda analeta flashi ya redio ya pikipiki, anataja nyimbo anazotaka, unamjazia kutoka kwenye kompyuta. Flashi za machimboni zina virusi kama ng'ombe wa mnadani walivyo na kupe. Kompyuta ile ilikuwa imekufa mara nyingi kabla yangu. Nilipofika niliiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kugusa mafaili yaliyokuwamo, na tangu hapo virusi vikawa vinapita ndani yake kama wageni wasiojua lugha.

"Weka hata mwarobaini," bosi aliniambia, "ilimradi iwake."

Bosi huyo zamani alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa, na kila mzaha wake ulikuwa na mtu chini yake. Mkewe alikuwa amemwacha akaenda kwa mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa pili wa barabara ileile. Asubuhi karasha ilipoanza kuunguruma, bosi alinyamaza kidogo, kisha akatafuta mtu wa kumtukana.

Aliyelitia jambo hilo kwenye wimbo ni manju mmoja mzee. Manju, kwetu Wasukuma, ni mtunzi na kiongozi wa ngoma. Baada ya mavuno vikundi viwili husimama kwenye uwanja mmoja, hawa huku na hawa kule, na kila manju huimba ili kuwavuta watazamaji. Hakuna mwamuzi. Watu wakivuka uwanja kukufuata, umeshinda. Wakikuacha, rudi nyumbani ukachunge. Na ili wavuke lazima uwachekeshe, na hakuna kinachochekesha kama aibu ya mtu anayejulikana. Msimu ule manju aliimba kuhusu mnunuzi mmoja ambaye siku mkewe alipobeba sanduku, yeye alikuwa bado ameinamia mzani, anamwibia mtu vumbi la dhahabu. Watu walivuka wakikimbia. Miezi mingi baadaye, bosi akipita sokoni, akina mama waliupiga wimbo ule kwa mluzi huku wakipanga nyanya.

Kisha koo la manju likaugua. Alikwenda hospitali, akarudi na kovu, na sauti iliyobaki ilikuwa kama tairi linalovuja. Bosi alifurahi waziwazi.

"Mimi sikwenda kwa mganga," aliwaambia wateja. "Nilikaa kimya tu. Mungu naye alikuwa hampendi, kumbe."

Sasa, sauti ya manju, ile ya zamani, ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, nayo ni diski ya kompyuta yetu. Mwenye studio wa kwanza, kabla ya bosi kuinunua, aliwahi kuwa mchezaji wa kikundi chake. Alimrekodi misimu mingi, kwa kinasa sauti alichokifunga kwenye mti uwanjani. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Kwenye ngoma za manju huyu, ukiinua simu, wasimamizi wake walikupiga fimbo mkononi. Na hata mwenye studio alikatazwa kumrushia mtu yeyote. Alipouza duka na kuhamia Mwanza, nyimbo zilibaki ndani ya mashine kwa amri ya mzee mwenyewe, kwa sababu kuzihamisha ni kuzitembeza.

Wasiotoka kwetu huwa hawanielewi nikieleza hili. Wimbo wa mashindano ni siri kabla ya siku yake. Upande wa pili wakiusikia mapema watatunga jibu, na siku ya siku wewe ukifungua kinywa wao wanakumaliza. Nilipomuuliza manju kwa nini afiche hata nyimbo za miaka ya nyuma, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mbegu hazipikwi. Kwenye zile za zamani alikuwa akichukua mahadhi ya kutungia mpya. Mwenye kuzipata atajua kesho utapita wapi.

Alikuja studio msimu ulipokaribia. Mzee mrefu, mfugaji, shuka begani na fimbo mkononi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, bhabha," akanong'ona.

Bosi, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, hakuinuka kwenye kiti. "Niaje, redio mbovu?"

Madereva wa bodaboda waliokuwa kwenye benchi wakisubiri nyimbo zao wakacheka. Manju aligeuza kichwa polepole akawatazama mmoja mmoja, kama anayewahesabu kwa ajili ya siku nyingine, na wawili wakaacha kucheka.

Alinieleza shida yake kwa kunong'ona, akisimama kila baada ya maneno machache. Mwaka huu angesimama uwanjani bila sauti. Alitaka spika kubwa zipige nyimbo zake zilizo kwenye mashine, yeye asimame mbele akitikisa kinywa na fimbo. Haijawahi kufanyika, alijua. Lakini asipofanya hivyo kikundi chote kitahamia kwa mwenzake, hata wanawe, na mtu aliyevukwa na wanawe hana pa kukaa kwenye mji wake.

"Nisikie kwanza kama ipo," akanong'ona. "Sauti."

Nikabonyeza kuiwasha kompyuta. Kwenye kioo cheusi yakatokea maneno machache meupe, basi. Umeme ulikuwa umekatika mara kwa mara tangu asubuhi, na safari ya mwisho ulikatika mashine ikiwa katikati ya kujisasisha.

"Amekufa?" manju akauliza.

"Hajafa, Mzee."

"Amefuata koo lako," bosi akasema.

Nilimweleza mzee kwa Kisukuma, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Kompyuta inapowashwa, nilimwambia, kuna programu ndogo inayoamka kwanza ikawaamsha wengine. Hiyo ikiharibika, mali yote iko ndani salama, ila hakuna wa kufungua mlango. Mimi nilikuwa na flashi yenye Linux kamili ndani yake, niliyoitengeneza Kahama kwa shida kama hii. Ukiichomeka na kuiambia kompyuta iwakie kwenye flashi badala ya diski yake, unaingia kupitia dirishani, unatengeneza mlango kutoka ndani.

Nikafanya hivyo, na yeye akiwa amekaa kwenye kiroba cha karatasi nyuma yangu, anapumua shingoni kwangu. Diski ikafunguka. Folda yake ilikuwapo, nyimbo zote zimepangwa kwa misimu. Nikapunguza sauti ya spika nikaupiga mmoja, wa ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.

Niliwahi kuisikia sauti ile utotoni, kutoka mbali, ng'ambo ya mashamba ya pamba, nikiwa na mama yangu. Ilikuwa sauti ya mtu asiyeomba. Hata kwenye spika mbovu za Kakola iliingia chumbani kama mwenye nyumba. Madereva wakaacha simu zao. Manju alikaa mdomo wazi, na nikaona koo lenye kovu likitembea, likimfuata mwimbaji, likipanda pale anapopanda na kushuka pale anaposhuka, bila kutoa kitu.

"Huyo nani?" bosi akauliza kwa sauti kubwa. "Anaimba vizuri. Wewe mzee unamfahamu?"

Mzee alitoa kona ya shuka akajifuta usoni, na bosi akaona, na nikaona bosi ameona.

"Mzee, ngoja nikunakilie sasa hivi," nilimwambia taratibu. "Kwenye flashi yangu nafasi ipo. Ukae nayo nyumbani."

Uso wake ukabadilika. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Diski ni kitu cha kufa. Iwe na mwenzake."

"Leo iko mfukoni kwako. Kesho?"

"Kesho iko mfukoni kwako, Mzee. Nakupa."

"Umeshaishika," akanong'ona. "Wewe mtu wa kuhamahama. Leo Kakola, kesho Geita, keshokutwa unakunywa na watu wa upande wa pili." Akapumzika kutafuta pumzi. "Nitakuja siku moja kabla ya ngoma. Utanirushia mbele ya macho yangu, kwenye flashi yangu, nayo sitaiachia mpaka jua linazama uwanjani."

Sikumbishia zaidi. Mzee akishasema siku, kwetu amefunga mjadala. Niliifunga folda mbele yake na kumwonyesha flashi yangu haina wimbo hata mmoja. Aliikagua kama anayekagua meno ya ndama, ingawa hakujua anatazama nini.

Mlango nikautengeneza. Kilichofuata baada ya hapo kilikuwa wazo langu, na bado naliona zuri. Flashi hupotea, na pale dukani kila flashi iliyoonekana mezani ilijazwa nyimbo za mtu. Nikaamua kuuweka uokoaji ndani ya diski yenyewe. Nilipunguza sehemu kubwa ya diski, nikapata kipande kidogo mwishoni, nikaweka humo Linux nyingine ndogo, ya dharura, isiyogusana na ile ya kazi. Kisha nikaitengeneza menyu inayotokea mashine inapowaka. Mstari wa kwanza niliuandika "Washa kawaida." Wa pili, "Uokoaji." Hata mlango wa kwanza ukianguka, wa pili upo.

Manju alikuwa bado amekaa, anasubiri jua lipungue ndipo atembee. Nilimweleza nifanyacho na akaelewa haraka kuliko watu wengi niliowaeleza baadaye. Ujanani aliwahi kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo.

"Kwenye duara tulichimba tundu la pili, la kutokea," akanong'ona. "Wenzetu jirani walisema ni kupoteza nguvu." Akaonyesha chini kwa fimbo. "Bado wamo."

Mstari wa tatu aliuagiza bosi. Kompyuta ilikuwa inajaa uchafu wa wateja, alisema, na alitaka njia ya kuirudisha ikiwa mpya bila kuniita. Nikahifadhi nakala ya mfumo ulio safi kwenye kile kipande cha mwisho, nikaandika: "Rudisha iwe mpya."

"Huu unafuta kila kitu," nikamwambia. "Picha, nyimbo, kila kitu. Niuwekee neno la siri?"

"Mashine yangu mwenyewe, halafu nikuombe wewe ruhusa?"

"Siyo ruhusa, bosi. Ni kinga, mtu asije akabonyeza kwa bahati mbaya."

"Fundi. Nimesema."

Nikaacha. Nikamwekea swali la kuthibitisha, kwa Kiswahili, lije mara mbili. Ndilo nililoweza.

Siku moja kabla ya ngoma, mchana, manju alikuja na flashi mpya ikiwa bado kwenye plastiki yake, ameifunga kwenye pindo la shuka. Alikuwa amekuja na binti yake mkubwa, mama mwenye wajukuu, aliyekuwa akimshika mkono mahali penye mashimo. Benchi lilijaa. Wachimbaji walikuwa wametoka kupokezana zamu, madereva wa bodaboda walikuwa wanataka nyimbo za kwendea ngomani. Bosi alikuwa kwenye kiti changu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. Binti yake nikamwita mama kwa Kisukuma, "Karibu, mayu."

"Asante, kaka," akasema. "Tumefuata nyimbo za baba."

"Nyimbo za baba," bosi akarudia. "Mwacheni baba aombe mwenyewe."

Manju akasogea, akanong'ona kitu.

"Sisikii."

Akanong'ona tena. Karasha ilikuwa inasaga ng'ambo ya barabara, na mtu aliyekuwa hatua moja kutoka kwake asingesikia.

"Anasema anaomba nyimbo zake," binti akasema.

"Wewe nyamaza, mama. Huyu ni mtu mzima, msimu uliopita alikuwa na maneno mengi." Bosi akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sema, Mzee. Sema kwa nguvu. Sema, 'Bosi, naomba.' Wasikie mpaka kule kwenye karasha."

Benchi lilikuwa linacheka. Sikuwa na kinyongo na wale vijana; siku nzima wako chini ya ardhi, na hiki kilikuwa kitu cha kutazama. Manju alijaza kifua. Alijaribu kweli. Kilichotoka kilikuwa filimbi fupi, kama birika linaloanza kuchemka, na mmoja wa madereva akaiiga palepale, vizuri sana, na watu wakashika mbavu.

Mzee akasubiri waishe. Kisha akainama mezani, mdomo karibu na sikio la bosi, akanong'ona kwa muda. Sijui alisema nini. Bintiye, aliyesikia, aliziba mdomo kwa kanga na mabega yakamtikisika. Bosi akawa mwekundu machoni.

"Fundi," akasema, "ule uokoaji wako unaanzaje?"

"Bosi, mrushie mzee nyimbo zake aende."

"Nimekuuliza?"

Akaizima kompyuta kwa kidole na kuiwasha upya. Menyu ikatokea, mistari yangu mitatu, myeupe juu ya kioo cheusi. Akashuka kwa kitufe cha mshale mpaka wa tatu. Nikamshika mkono. Alikuwa mtu mzito; alinisukuma kwa bega, nikaangukia rafu ya karatasi, na mtu kwenye benchi akapiga makofi.

"Una uhakika?" mashine ikamuuliza. Akabonyeza. "Vitu vyote vitafutika. Una uhakika?" Hapo alisita. Namtendea haki: alisita, akageuka kumtazama manju, na nadhani kama mzee angeinamisha kichwa kidogo tu, mambo yangeishia hapo.

Manju alimtazama kama alivyowatazama wale vijana siku ya kwanza, na bosi akageukia tena kioo.

Akabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Niliinuka nikaung'oa waya ukutani. Bosi hakunizuia. Alikuwa anatazama kioo cheusi, na nilijua ndipo anazikumbuka picha zote za wateja, za vitambulisho, za harusi ambazo hazijachukuliwa, na nyimbo zilizokuwa zikimlisha.

"Ulisema ni uokoaji," akaniambia.

"Uokoaji ni wa pili. Wewe umebonyeza wa tatu."

"Umeandika kama mkundu." Akatoka nje akaenda kusimama kwenye jua.

Nilichomeka flashi yangu, nikaingia kupitia dirishani kama zamani, nikaendesha programu inayookota mabaki ya mafaili yaliyofutwa. Ilichukua mchana wote uliobakia. Manju na binti yake hawakuondoka. Watu wa benchi waliondoka mmoja mmoja walipoona hakuna nyimbo. Mabaki yalikuja bila majina, vipande vifupi, na nilivipiga kimoja kimoja, mzee amekaa kwenye kiroba chake.

Kilikuja kikohozi. Zikaja njuga. Likaja nusu ya jina la ng'ombe, kisha mlio wa kukwaruza. Yalikuja makofi, vigelegele, kicheko cha uwanja mzima, kirefu, kisicho na kasoro, kikimshangilia mtu aliyekuwa ametoka kusema kitu ambacho hakikuwapo tena. Cha sauti yake kamili sikupata hata ubeti. Nilichomwokolea mzee ni watazamaji.

"Zima," akanong'ona.

Nikazima. Akaifungua flashi yake kwenye plastiki, akaitazama, akaniwekea mezani kama mtu anayemwachia mwenyeji mfupa, akaondoka.

Siku ya pili nilikwenda ngomani. Ningeweza kubaki, lakini sijawahi kuweza kubaki mahali watu wanakokwenda. Uwanja ulikuwa mpana, vumbi limeshapanda, na vikundi viwili vilikuwa vinatazamana na watu wametapakaa katikati. Manju alitoka mbele ya watu wake na fimbo. Ngoma zikapigwa. Akafungua kinywa.

Watu walimpa nafasi, nakiri. Walitulia wakatega masikio. Kisha manju wa upande wa pili, mtu wa makamo mwenye kipaza sauti kizuri, akaanza kupuliza kwenye kipaza sauti chake: fyuuu, fyuuu. Akatembea kama mzee, akashika koo, akapuliza. "Mwamsikia?" akauliza. "Tairi limepata pancha, leteni pampu!" Uwanja ukalipuka. Na mimi nilicheka. Ilikuwa inachekesha kweli. Ilikuwa kazi ya ustadi. Walianza kuvuka wageni, kisha majirani, kisha nikawaona vijana waliovaa njuga za kikundi cha mzee wakivuka huku wakizishika njuga zisilie. Mmoja wao alikuwa na pua ya mzee na urefu wake.

Manju alishusha fimbo. Alitazama uwanja ulivyokuwa unamkimbia, na akaniona mimi. Nilikuwa nimesimama karibu katikati, mahali pa mtu asiyejua anakokwenda. Akanitazama kwa muda. Kisha akamwita binti yake kwa kidole, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

Yule mama hakuwa mwimbaji. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, kavu, lakini ilifika. Baba ananong'ona mstari, yeye anautoa. Mstari wa kwanza ulisema yuko fundi mmoja amekuja na begi. Wa pili ukasema fundi amechimba tundu la kutokea, zuri, limenyooka. Wachache wakageuka. Wa tatu ukasema amelichimba mlangoni kwa adui, akalala usingizi. Wa nne, nautafsiri vibaya, ulisema: na juu yake ameandika kwa mwandiko mzuri wa shule, kaburi la sauti ni hapa, bonyeza.

Mtu akacheka. Mwingine akauliza, "Fundi gani?" na manju akaninyooshea fimbo.

Walirudi. Walivuka uwanja wakikimbia, wote, hata wale vijana wa njuga, wakanizunguka ili wanione vizuri wakati wakiimbiwa. Binti wa manju alinifuata mstari kwa mstari. Aliimba miguu yangu isiyotulia. Aliimba kwamba mtu huyu kila anakopita huacha mlango wazi akaenda kuulilia mji mwingine. Akina mama walinitazama kuanzia viatu. Mtoto mmoja aligusa begi langu ahakikishe. Manju wa upande wa pili alipuliza kipaza sauti chake mpaka akachoka, hakuna aliyegeuka. Nikaona simu moja imeinuliwa kwa woga, na msimamizi akainua fimbo yake, na manju akaushika mkono wa msimamizi akaushusha.

"Rekodini," bintiye akatangaza. "Baba anasema huu tembeeni nao."

Jumatatu nilikuwa kazini, kwa sababu njaa haijui aibu ya mtu na bosi hakunifukuza. Alinikuta nimeshaifufua kompyuta, tupu, safi, na menyu yake ina mistari miwili tu. Aliweka simu yake mezani. Alikuwa ngomani naye, nyuma kabisa, na alikuwa ameurekodi wimbo wote.

"Anza na huu," akasema. "Kila mtu atautaka."

Na kila mtu aliutaka. Nilikaa pale nikiwarushia watu wimbo wangu kuanzia asubuhi, kwenye simu, kwenye flashi za pikipiki, kwenye redio ya mama wa mgahawa. "Fundi, nipe ule wako," walisema. Wengine walitaka niimbe kidogo kwanza. Bosi alikuwa anawapokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue karasha iliunguruma na yeye hakunyamaza.

Jioni alikuja dereva mmoja wa bodaboda, yule aliyeiga filimbi ya mzee siku ile. Nikamwekea kwenye redio asikie. Akainamisha kichwa.

"Kuna kelele humu," akasema. "Kabla mama hajaimba, kila mstari, kuna kitu kinavuja. Fssss. Sikia. Halafu ndiyo anaimba. Halafu tena, fsss."

"Nimesikia."

"Itoe basi. Inaharibu."

Ilikuwa kazi ya dakika chache. Programu ya kusafisha sauti nilikuwa nayo; ningeuchagua mnong'ono ule mahali pamoja na mashine ingeuondoa wimbo mzima.

"Haitoki," nikamwambia.

"Fundi gani wewe," akasema, akachomoa flashi yake, akavaa kofia, akaondoka nayo hivyohivyo.